Jazi ya Morogoro na Masikio ya Kilosa

Neno jazi lilienea Tanganyika bila ya kufuatana na muziki unaoitwa hivyo huko Marekani. Bendi ya Dar es Salaam Jazz ilianzishwa mwaka 1932. Mwaka uliofuata kampuni ya HMV ilianza kutoa mfululizo wa sahani za santuri uliojulikana kwa herufi GV, nao ulijaa nyimbo za Kuba. Sahani hizo, zaidi ya sahani zozote za New Orleans au Chicago, ndizo zilizofundisha miguu ya watu wa mijini. Kwa hiyo mtu wa Morogoro au Tabora aliposema jazi alikuwa na maana ya bendi: magitaa, saksafoni au tarumbeta, ngoma za kupigwa kwa viganja, waimbaji wawili watatu wanaopokezana, na ukumbi wa kuchezea dansa. Kabla ya hapo palikuwapo beni, ambayo ilianza pwani ya Kenya katika miaka ya 1890 ikaingia bara pamoja na askari na wapagazi wa Vita Vikuu vya kwanza. Na jazi ilirithi kutoka kwa beni ile tabia ya chama, ya mashindano, na ya majina ya kujigamba.

Wako wapenzi wa jazi ya Marekani ambao hucheka wakiona jina hili juu ya sahani ya Morogoro Jazz au Kilwa Jazz. Kicheko chao ni cha haraka. Jina la kitu hupewa na wanaokitumia, na waliolitumia jina hili Tanganyika walikuwa wakijua wanachokitaka. Lakini liko swali jingine lililo zito kuliko hilo la jina, nalo ni kama hicho kinachohifadhiwa leo katika sahani na kanda ndicho walichokisikia watu wale waliokwenda dansani. Na ikiwa sicho, kilichobaki kinakosa nini.

Mahali pazuri pa kulipimia swali hili ni Kilosa. Dar es Salaam ilikuwa na redio, na Morogoro ilikuwa na bendi zenyewe. Kilosa uko kando ya Mto Mkondoa, katika reli ya kati iliyofika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Mkonge wa wilaya ile, Kimamba na Rudewa na kwingineko, ulikusanya vibarua wa makabila mengi waliopata mshahara wa mwezi na waliohitaji mahali pa kuutumia. Mikumi, iliyo kusini ya Kilosa katika wilaya hiyo hiyo, ilipata reli ya tawi mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikapata hifadhi ya wanyama mwaka 1964, kisha barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia ikatiwa lami ikapita katikati yake. Miji ya namna hii haikuwa na studio wala kiwanda cha sahani. Kazi yake katika muziki ilikuwa kusikiliza, na kazi hiyo haijaandikwa historia yake, ingawa bila ya miji hiyo bendi kubwa zisingalikula.

Bendi za Tanganyika ziliishi kwa safari. Zilifuata reli na barabara, na mwisho wa mwezi ulikuwa kalenda yao. Watu wa Kilosa walikuwa jirani wa mji ambao kwa miaka ishirini hivi ulikuwa na bendi mbili zilizoshindana kama timu za mpira, yaani Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz. Msikilizaji wa Kilosa alikuwa na bahati ya mtu akaaye kati ya visima viwili: aliweza kuonja huku na huku bila ya kuapa kiapo cha upande wowote. Hukumu yake juu ya bendi hizi ingefaa kusikilizwa kuliko ile ya mtu wa Morogoro mwenyewe, ambaye moyo wake ulikuwa umekwisha kuchagua.

Salum Abdallah alizaliwa mwaka 1928 na akafa kwa ajali ya gari Novemba 1965. Muziki wake ulikuwa na mapenzi ya wazi kwa Kuba, na jina la bendi yake halikulificha jambo hilo. Hata hivyo mtu akizisikiliza sahani zake leo, nyingi zikiwa zilitolewa Mombasa kwa jina la Mzuri, atasikia kwamba Kuba ilimpa Salum kiunzi tu cha nyumba. Kiswahili ndicho kilichoijaza. Yeye alikuwa mtungaji wa kipimo. Sahani ya zamani ya kasi ya mizunguko 78 ilikuwa na nafasi ya dakika tatu hivi kila upande, naye alizijua dakika hizo kama mshairi ajuavyo mizani: gitaa hufungua mlango, sauti huingia, kiitikio hurudi pale masikio yanapokingojea, na wimbo hufungwa kabla haujachosha. Hakuna kitu kinachoning'inia. Ndiyo sababu sahani zake hazijazeeka kwa umbo, hata pale sauti yenyewe ilipolika kwa sindano.

Mbaraka Mwinshehe Mwaruka alikuwa mtu wa namna nyingine, na habari yake inataka nafasi zaidi. Alizaliwa Juni 1944. Aliingia Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960, akawa mpiga gitaa la solo, mtungaji na mwimbaji kwa pamoja, na bendi hiyo ikapelekwa Japani katika maonyesho ya Osaka mwaka 1970, safari ambayo waliitungia wimbo ulioitwa Expo 70. Mwaka 1973 aliiacha Morogoro Jazz akaunda Super Volcano. Januari 1979 alikufa Kenya kwa ajali ya gari, naye bado hajatimiza miaka thelathini na mitano. Wakuu wote wawili wa Morogoro, basi, waliuawa barabarani, jambo lisilokuwa la ajabu sana kwa watu ambao chakula chao kilikuwa mwisho wa safari.

Ufundi wa Mbaraka haukai katika kipimo. Unakaa katika mwendo. Yeye huanza wimbo kama mtu anayeanza kusimulia, bila ya haraka, akitaja shida yake, nani alimtenda nini na kwa sababu gani. Sauti yake ni safi na ya huzuni kidogo hata anapofurahi. Gitaa lake hufuata nyuma ya maneno likiyajibu. Halafu hufika mahali ambapo maneno yamekwisha na gitaa linaachiwa njia. Hapo wapigaji wengine hujipanga upya, gitaa la kati likishikilia mfuatano mfupi wa sauti na kuurudia, saksafoni zikiingia kwa pamoja na kutoka, na solo ikapanda juu yake kwa hatua ndogo ndogo. Msikilizaji aliyeketi atadhani mpigaji amesahau njia ya kurudi. Mchezaji hatadhani hivyo, kwa sababu miguu yake imekwisha kujua kwamba wimbo ndiyo kwanza umeanza.

Hapa ndipo sahani ilipomshinda Mbaraka, au tuseme hapa ndipo Mbaraka alipoishinda sahani. Nyimbo nyingi za dansa zilizotolewa Nairobi katika miaka ya 1970 zilikatwa vipande viwili ili zienee katika sahani ndogo ya inchi saba: upande wa kwanza ukiitwa sehemu ya kwanza, na upande wa pili sehemu ya pili. Sauti hufifizwa pale gitaa linapoanza kuchemka. Mwenye santuri huinuka, hugeuza sahani, huweka sindano upya, na sauti hurudi. Katika nyumba ya mtu jambo hilo lilivumilika. Lakini katika ukumbi bendi haikufifia, wala haikumwambia mchezaji angoje. Wimbo ambao katika sahani una dakika nane kwa pande zote mbili uliweza kuendelea mpaka wachezaji wenyewe wachoke. Kwa hiyo msikilizaji wa leo anayemjua Salum Abdallah kwa sahani anamjua karibu mzima, na anayemjua Mbaraka kwa sahani anamjua nusu. Hukumu ya wale wanaosema kwamba Salum alikuwa mtungaji bora kuliko Mbaraka mara nyingi ni hukumu ya sahani, na sahani ilimpendelea mmoja wao.

Wapo watakaokataa neno hili. Watasema kwamba msanii hupimwa kwa kilichobaki, kama vile mshairi apimwavyo kwa beti zilizoandikwa, na kwamba kumsifu mtu kwa usiku ambao haukunaswa ni kumsifu kwa uvumi. Hoja hii ina nguvu. Hata hivyo wapenzi wa jazi ya Marekani, ambao wanajua kuhifadhi kuliko watu wote, hawaifuati wenyewe. Buddy Bolden wa New Orleans, mpiga koneti aliyezaliwa mwaka 1877 na kufa mwaka 1931, hana hata sahani moja inayojulikana. Bendi ya kwanza kutoa sahani ya jazi ilifanya hivyo mwaka 1917, wakati Bolden alikuwa amefungiwa hospitali ya wagonjwa wa akili miaka kumi. Na bado hakuna kitabu kizito cha historia ya jazi kisichomtaja. Sifa zake zilikusanywa kutoka kwa vinywa vya waliomsikia, zikalinganishwa, zikachujwa, zikaandikwa. Mahali pa sauti pakawekwa ushahidi wa masikio.

Ushahidi huo huo uko Kilosa na Mikumi kwa ajili ya Mbaraka, na kwa ajili ya bendi nyingi ndogo ambazo hazikubahatika hata kuwa na nusu yake. Kijana aliyecheza dansa mwaka 1965 akiwa na miaka ishirini amekwisha kupita themanini. Hilo ndilo tatizo lote, na halihitaji maneno mengi.

Habari za kuhifadhi sauti za nchi hii zina mambo ya kushangaza. Baadhi ya sauti za kale kabisa zilizonaswa katika ardhi yake ziko Berlin, katika mitungi ya nta. Kati ya hizo zimo alizozinasa Karl Weule kusini ya nchi mwaka 1906. Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika na gari lake la kunasia sauti, na kazi yake iko Afrika Kusini. Katika wilaya ya Kilosa yenyewe, T. O. Beidelman alianza utafiti wake kwa Wakaguru mwaka 1957 na akachapisha hadithi, methali na vitendawili vyao kwa wingi kiasi cha kuwafanya kuwa miongoni mwa watu walioandikwa sana katika Afrika ya Mashariki. Maneno ya milima ya wilaya ile, basi, yamo katika maktaba za vyuo vikuu vya dunia, lakini sauti za dansa lililochezwa chini ya milima hiyo katika miaka ile ile hazikumvuta mtaalamu yeyote. Dansa lilihesabiwa kuwa mchezo wa mjini, kitu cha kuiga, kisichostahili daftari. Kosa hilo lilikuwa la wataalamu wengi wa wakati ule, wenyeji na wageni.

Iliyofanya kazi yao, bila ya kukusudia, ilikuwa redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na mwaka 1965 chombo cha utangazaji kikawa Radio Tanzania. Kwa kuwa kiwanda cha sahani hakikuwapo nchini, studio ya redio ndiyo iliyokuwa mahali pa kunasia bendi. Bendi iliitwa, ikapanga vyombo, ikapiga wimbo wote mara moja mbele ya vikuza sauti vichache, na ukanda ukawekwa rafuni. Ubora wa kanda hizo hutokana na uchache huo wa vyombo: hapakuwa na nafasi ya kurekebisha baadaye, kwa hiyo bendi ilifika ikiwa imekwisha kuujua wimbo kwa kuucheza mbele za watu. Tena ukanda haukulazimika kukatwa kama sahani. Ziko nyimbo ambazo katika kanda za redio zinapumua vizuri kuliko katika sahani za Nairobi, na mpenzi wa Mbaraka anayetaka kusikia gitaa likimaliza safari yake afadhali aanzie huko.

Mwaka 2012 kundi la vijana wa Tanzania na wa nje lilianza kutafuta fedha kwa watu wa kawaida, kwa jina la Tanzania Heritage Project, ili kanda hizo zigeuzwe kuwa za kompyuta kabla hazijaoza. Ilikuwa juhudi ya sifa. Kabla yao, kazi ya kuwarudishia wasikilizaji muziki huu ilifanywa na wageni wachache wenye masikio mazuri: John Storm Roberts alitoa mkusanyo wa The Tanzania Sound mwaka 1987, na mwaka 2000 Werner Graebner alitoa Ujerumani mikusanyo miwili, Ngoma Iko Huku ya Salum Abdallah na Masimango ya Mbaraka akiwa na Morogoro Jazz. Mikusanyo hii miwili ya mwisho ndiyo bora kupita yote iliyotolewa, si kwa usafi wa sauti peke yake. Mkusanyaji alitafuta waliokuwapo akawauliza, na akaandika. Mwenye kukinunua kijitabu kile ananunua nyimbo pamoja na watu wake.

Lawama ndogo hata hivyo yafaa itolewe. Mteuzi hawezi kuliepuka sikio lake, na sikio la mkusanyaji wa Ulaya hupenda wimbo ulio mfupi, ulio na alama ya Kuba, unaoweza kueleweka bila ya kujua Kiswahili. Nyimbo za kusimulia, zile ambazo mtu wa Mikumi angeziomba kwanza kwa sababu ya hadithi yake na jinsi Mbaraka anavyolivuta neno mpaka lilie, huwa na mashaka mbele ya mteuzi wa namna hiyo. Mfululizo wa sahani kubwa ulioitwa Ukumbusho, uliotolewa Kenya baada ya kifo chake, haukuwa na haya hizo: ulirundika kila kitu, kizuri na cha kawaida, na kwa sababu hiyo uko karibu zaidi na masikio ya waliompenda. Hauna adabu ya mkusanyo wa Graebner, lakini una ukarimu ambao mkusanyo huo hauna.

Katika Kilosa na Mikumi kuhifadhi kuna hatari zake za nyumbani. Mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 mafuriko yaliingia Kilosa, yakabomoa makazi na kung'oa njia ya reli kati ya hapo na Gulwe. Maji yakiingia ndani hayachagui kati ya gunia la mahindi na sanduku la sahani. Hatari nyingine ni ya polepole: majina mapya hufunika ya zamani. Mwaka 2015 watu wa jimbo la Mikumi walimchagua mwanamuziki, Joseph Haule aitwaye Professor Jay, kuwa mbunge wao, ambaye mwaka 2001 alikuwa ameimba wimbo wa Ndio Mzee akimwigiza mwanasiasa wa ahadi nyingi. Yeye alikaa bungeni mpaka 2020. Kijana wa Mikumi anamjua yeye, na ana haki. Lakini kanda za mwanzo za muziki huo wa kizazi kipya nazo zimekwisha kuanza kupotea, na hazijatimiza hata miaka arobaini.

Wanaosema kwamba kompyuta itamaliza shida hii wanasahau jambo moja dogo la kazi. Ukanda ukigeuzwa bila ya mtu wa kueleza kilichomo, sauti itaokoka na maana yake itabaki nje. Lebo ya sahani ya inchi saba ilikuwa na mahali pa jina la wimbo, la mtungaji na la bendi. Aliyepiga gitaa la besi hakuwa na mahali. Aliyepiga gitaa la kati, lile linaloshikilia mfuatano mfupi na kuurudia wakati solo inapopanda, naye hakuwa na mahali, ingawa bila yake Mbaraka asingalikuwa na ngazi ya kupandia. Mtindo wa kucheza uliokwenda na wimbo haukuandikwa. NUTA walikuwa na Msondo wao na Western Jazz walikuwa na Saboso, na majina hayo yamebaki, lakini hatua za miguu zilizokuwa ndani yake hazionekani katika ukanda wowote.

Mambo hayo yanaweza kuulizwa mpaka leo, kwa mzee aliyeketi barazani Kilosa, kwa bibi aliyekuwa msichana wa dansa Kimamba. Yatosha kumpigia sahani upande wa kwanza, na pale sauti inapofifia, asigeuziwe. Aulizwe: hapa bendi ilikuwa ikifanya nini?